Msiba wa Uji

Mume wangu Severin ni dereva wa basi. Ukimwona kwenye usukani, ameketi wima na koti lake la kazi, hutajua kwamba mtu huyu amezika nusu ya kata yetu kule Bukoba. Sisemi alichimba makaburi. Nasema alipuliza.

Usharika wetu ulikuwa na bendi ya matarumbeta tangu enzi za wamisionari. Severin alipiga baritoni, ile tarumbeta kubwa inayopakatwa kama mtoto mchanga. Sauti yake haikimbilii juu wala haishuki chini kabisa, inakaa katikati na kuwashikilia wenzake. Mtu akifariki, bendi iliitwa. Mvua inyeshe, isinyeshe, walitangulia mbele ya jeneza, wakapanda vilima na kushuka wakipiga zile nyimbo za polepole. Alijifunza kwa bomba la jani la mpapai, maana vyombo vilikuwa vichache na wakubwa hawakupenda kuviachia. Anasema bado anaukumbuka uchungu wa ule utomvu kwenye midomo.

Mimi nilimwona mara ya kwanza kwenye mazishi ya bibi yangu. Si mahali pa kumwangalia kijana wa watu, najua. Lakini alikuwa na matope hadi magotini, anapuliza huku machozi yanamtoka, na bibi hakuwa ndugu yake. Baadaye nilipomuuliza kwa nini alilia, alisema, "Nitamsindikizaje mtu nikiwa mkavu?" Nikaolewa naye.

Hapa Stockholm alikuja kujifunza ufundi wa magari kwa mpango wa kanisa, akabaki, nikamfuata, tukampata Anitha, tukapata nyumba ya kupanga hapa Husby ambayo tunakaa mpaka leo. Baritoni yake aliikuta kwenye duka la mitumba, imebonyea ubavuni, akainunua bila hata kuniuliza. Tatizo likawa mahali pa kuipigia. Kuta za ghorofa letu ni nyembamba, ukipiga chafya jirani anakuombea afya. Basi Severin akakigundua chumba cha kufulia. Kila jengo hapa lina chumba cha kufulia nguo huko chini kabisa, na kila mpangaji hujiwekea zamu yake, akaingia, akafunga mlango. Kuta ni za zege na mashine zenyewe zina kelele. Akawa anachukua zamu ya kufua ili apige tarumbeta. Mimi nilishuka naye na taulo mbili, nikaziweka kwenye mashine, ili zamu yetu isiwe ya uongo mbele za Mungu. Taulo zile zilifuliwa mpaka zikawa kama chachi. Anitha alikaa juu ya kapu la nguo akifanya kazi zake za shule, na mpaka leo, ingawa ni mtu mzima, akinusa sabuni ya unga anasema anasikia nyimbo za kanisa.

Kisha ikaja ile barafu. Majira ya baridi ya mwaka juzi, Severin alishuka kwenye basi lake kule Akalla kuangalia taa ya nyuma, akateleza, akaangukia ngazi ya mlango kwa mdomo. Meno ya mbele yakaenda. Daktari wa meno alimwekea mengine, haya ya kukazwa kwenye taya kwa skrubu, mazuri kuliko aliyozaliwa nayo. Nikamwambia sasa anafanana na mtangazaji wa televisheni. Lakini aliposhuka chumba cha kufulia na kuweka baritoni mdomoni, ilitoka pumzi tupu. Akajaribu tena. Ikatoka sauti kama ya mlango wa friji. Akakifuta chombo chake taratibu kwa kitambaa, akakilaza kwenye kasha lake, akapanda nalo mpaka nyumbani na kulisukumiza juu ya kabati la nguo, nyuma ya masanduku ya safari. Taulo zangu zilikuwa bado zinazunguka kule chini.

Mwaka huu Anitha akapata mchumba. Anaitwa Liam, wazazi wake ni Waganda wa Farsta, kijana anayemcha Mungu na anayekula kila anachopakuliwa. Jumapili moja baada ya chakula Anitha akamgeukia baba yake, akazungumza kwa Kiswahili, nami nikajua ni jambo zito, kwa sababu mambo madogo huwa anayasema kwa Kiswidi.

"Baba, mwezi wa tisa nikiingia kanisani nataka unipigie wewe. Ule wimbo wa chumba cha kufulia, ule wa polepole."

Severin akatazama sahani yake. "Mdomo wangu umekufa, mwanangu. Kanisa lina kinanda."

"Sitaki kinanda."

"Basi watafutwe watu wengine wa tarumbeta. Wako wengi mjini hapa."

"Okej," Anitha akasema, akaenda kuosha vyombo ambavyo nilikuwa nimeshaviosha.

Nililiweka jambo hilo kwenye sala zangu. Sikuomba muujiza mkubwa. Niliomba tu Severin asikatae mara ya pili kabla hajajaribu mara ya pili. Kumbe Anitha naye alikuwa na mpango wake. Wiki chache baadaye akatuambia ametulipia Ijumaa mpaka Jumapili huko Hagkälla, mji mdogo wa kale wenye chemchemi ya maji ya madini, ambako Waswidi wamekwenda kunywa maji na kupumzisha mifupa tangu enzi za babu zao. "Mkapumzike," akasema. "Baba amechoka. Na mama anapenda maji." Sijui alilipata wapi hilo la maji, lakini sikukataa.

Habari zikashuka ngazi kabla yetu. Jirani yetu Godelieve, Mrundi, akagonga mlango na galoni tupu mkononi.

"Mama Anitha, unijazie."

"Galoni nzima?"

"Nina magoti mawili," akasema.

Tukaenda kwa treni, kisha kwa basi, na Severin njia nzima alimkosoa yule dereva kimoyomoyo, nilikuwa naona mguu wake unavyokanyaga breki hewani. Hagkälla ni nyumba za mbao zilizopakwa rangi ya manjano, miti mikubwa ya kivuli iliyopandwa kwa mistari, bwawa lenye bata, na katikati nyumba ya chemchemi yenye nguzo nyeupe. Wageni wengi ni wazee wenye fimbo, na kila mmoja anakusalimia, jambo ambalo kwenye treni ya Stockholm hulipati. Mimi nilidhani maji yatakuwa ya moto, kama yale ya Mtagata kule Karagwe, ambako watu huoga mvuke ukiwafunika. Nilibeba hata kanga ya kuogea. Kumbe ni maji ya baridi ya kukata taya, na yana ladha ya msumari. Wenyeji wanayanywa kwa glasi ndogo, wanasimama kimya, wanatikisa kichwa kana kwamba wamepewa habari njema.

Severin akanywa ya kwake. "Meno yangu yana chuma, maji nayo yana chuma," akasema. "Waache wasalimiane."

Nilifurahi kumsikia anafanya utani juu ya meno. Hakuwa amefanya hivyo tangu aanguke.

Msichana wa mapokezi alitutajia kitu juu ya uji wa jioni. Nikamwambia asante sana, tumekuja na chapati zetu na maharage. Hapo ndipo tulipopotea, kwa sababu kama tungekubali uji, yaliyofuata yasingefuata.

Tulikula chumbani, dirisha wazi, jua la kiangazi bado liko juu ingawa ni jioni. Severin alikuwa amenyoosha miguu kitandani. Mara tukasikia matarumbeta. Si ya redio. Ya watu, nje, yanatembea. Na wimbo ulikuwa ule ambao kwetu hupigwa jeneza likishatoka nyumbani na bado halijafika shambani.

Severin akaketi. "Msiba," akasema.

Nikaenda dirishani. Miwani yangu ilikuwa ndani ya mkoba. Niliona mstari mrefu wa watu wawili wawili, wengi wazee, wanakwenda polepole chini ya ile miti. Mbele yao bendi yenye makoti meusi. Na mbele ya bendi, mwanamke ameshika kitu kirefu cha mbao kilichofungwa maua.

"Msalaba," nikamwambia. "Na maua. Ni kweli wanazika."

Alikuwa ameshafungua sanduku na kutoa suti nyeusi aliyoileta kwa ajili ya ibada ya Jumapili.

"Baba Anitha, tuko likizo. Hatumjui hata marehemu."

"Msiba unapita mlangoni kwako, wewe uko na chapati?"

Nikajifunga kitenge cha bluu iliyokolea, nikafunika kichwa. Tukashuka upesi na kujiunga nyuma kabisa ya mstari, mikono mbele, macho chini. Bibi mmoja mwenye kofia ya waridi aligeuka, akatutazama juu mpaka chini, akasema kwa Kiswidi, "Vizuri mmekuja." Nikainamisha kichwa. Niliona ajabu kidogo, kofia ya waridi msibani, lakini nikajiambia kila watu na desturi zao.

Severin alikuwa anatembea mwendo wa bendi. Sijui kama watu wanajua kwamba kuna mwendo wa bendi, ule wa kuvuta mguu nusu ili pumzi isikatike. Mwili haukuwa umeusahau. Vidole vyake vya mkono wa kulia vilikuwa vinabonyeza hewa. Halafu akaanza kuimba, si ile sauti ya juu ambayo kila mtu anaijua, bali ile ya katikati, ya baritoni yenyewe, kwa maneno yetu ya Kihaya. Aliimba kwa chini lakini aliimba yote. Bibi wa kofia aligeuka tena kumtazama.

Tukalizunguka bwawa. Nikatafuta kaburi kwa macho, sikuliona. Tukarudi tulikotoka, mpaka mbele ya jengo kubwa la kulia chakula, na pale bendi ikabadilisha. Wakapiga kitu cha haraka, cha kurukaruka. Watu wakapiga makofi. Bibi wa kofia ya waridi akacheza hatua mbili tatu na fimbo yake.

Severin alisimama kama ameganda. "Hawa watu vipi?"

"Labda marehemu aliagiza hivyo," nikasema.

Wimbo ulipoisha akavua kofia yake, akaenda moja kwa moja kwa kiongozi wa bendi. Nilimfuata. Alikuwa mzee mrefu mwembamba, jina lake tulilijua baadaye, Axel, na alikuwa amekumbatia tarumbeta kubwa ya besi inayong'aa. Severin akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema kwa Kiswidi chake kizuri cha taratibu, "Tunasikitika pamoja nanyi. Mungu awatie nguvu wafiwa."

Mzee Axel akamtazama. "Wafiwa gani?"

"Wa marehemu."

"Nani amekufa?"

Severin akageuka kumwonyesha ule msalaba. Mimi hapo nilikuwa nimeshapata miwani yangu. Hakukuwa na msalaba. Kilikuwa kijiko. Kijiko cha mbao kirefu kama mpini wa jembe, cha kukorogea uji, kimefungwa maua ya porini na utepe.

"Huo ni mwiko wa uji," Mzee Axel akasema. "Tumekula uji. Tunautembeza ushuke tumboni. Kila jioni ya kiangazi, tangu enzi na enzi."

Severin akautazama mwiko. Akajitazama suti yake. "Kwa hiyo," akasema polepole, "nimevaa hivi kuzika uji."

"Na sijawahi kuona mtu aliyeupa heshima hivyo," Mzee Axel akajibu, na hapo akashindwa, akacheka mpaka akashika nguzo ya baraza, besi ikagonga mbao. Waliokuwa karibu wakauliza kuna nini, wakaambiwa, wakaambiana, nikaona kicheko kinakwenda kwenye mstari kama moto kwenye nyasi kavu. Mimi niliogopa. Tangu meno yale, Severin hapendi kuchekwa. Hata akicheka mwenyewe huweka mkono mdomoni. Nikamwona anauinua ule mkono. Ukafika nusu, ukashuka. Akacheka meno yote nje, ya skrubu na ya kuzaliwa.

Bibi wa kofia alikuwa anafuta machozi. "Lakini kwa nini mlikuja?" akamuuliza. "Mlidhani ni mazishi ya mtu, wala hamumjui."

"Tulikuwa karibu," Severin akasema.

Bibi yule akaacha kucheka. Akachukua mkono wa mume wangu, akaupitisha kwenye mkono wake, akakaa naye hivyo kwa muda. Na mimi niliyesimama pale na kitenge changu cha msibani, katikati ya watu waliomaliza uji, nilijivuna. Nasema kweli. Wako watu wangapi ambao, likizoni, wameshavua viatu, wanasikia msiba wa mtu wasiyemjua katika nchi ya watu, wanatafuta soksi nyeusi?

Mzee Axel alipopata pumzi akamkazia macho. "Wewe ndiye uliyeimba nyuma. Ile si sauti ya waimbaji. Ni ya baritoni. Umeipata wapi?"

"Kwetu Bukoba. Waswidi ndio waliotuletea, wimbo na vyombo."

"Na sisi huwa tunawaimbia watoto walale. Ninyi mkaufanya wa kuzikia."

"Unafaa," Severin akasema.

"Bado unapiga?"

Nikakaza macho chini. Nilijua jibu, na nilijua mwezi wa tisa hauko mbali.

"Nilipiga," Severin akasema. "Nilianguka. Meno haya si yangu."

Mzee Axel akasukuma ulimi, na safu yake yote ya juu ikatoka nje ya midomo, nyekundu na nyeupe, ikarudi mahali pake kwa kishindo kidogo. Bibi wa kofia akasema, "Axel, jamani," kama mtu aliyekwisha kuzoea.

"Yangu ni ya plastiki, na ninaweka kwa gundi," Mzee Axel akasema. "Yako yamekazwa kwa skrubu kama gurudumu la lori, halafu unaniringia huzuni? Kesho asubuhi, nyumba ya chemchemi. Tunayo baritoni moja haina mtu."

Usiku ule Severin hakusema atakwenda, wala hakusema hatakwenda. Niliomba ile sala yangu fupi nikalala.

Asubuhi tukaenda. Ndani ya nyumba ya chemchemi kuna ubaridi hata kiangazi, sakafu ya mawe, maji yanabubujika kwenye beseni la shaba. Mzee Axel alikuwa amemletea chombo, kizee lakini kimesuguliwa. Severin akakipakata. Niliitambua namna alivyokipakata; ndivyo alivyompakata Anitha siku alipozaliwa, akiwa na wasiwasi kiwiko kisije kikateleza. Akaweka mdomo, akapuliza.

Pumzi tupu.

Akajaribu tena. Mlango wa friji.

Akakilaza chombo kwenye benchi kwa uangalifu. "Nilikuambia, mzee," akasema, akatoka.

Nikabaki na glasi yangu ya maji ya msumari. Mzee Axel alikuwa anakuna kidevu. "Anaweka kikombe cha tarumbeta, pale pa kupulizia, palepale mdomoni alipokuwa anaweka zamani," akaniambia. "Mdomo si uleule tena, na yeye anautafuta wa zamani. Mimi nilifanya ujinga huo mwaka mzima. Ashushe kidogo, asogeze upande ambao meno ni ya kwake, na aanze na sauti za chini tu."

"Umwambie, basi."

"Mimi ni mtu aliyekutana naye kwenye uji," akasema. "Wewe ni mke wake."

Nikamkuta Severin kando ya bwawa, anawatazama bata. Nikakaa. Sikumtaja Anitha. Alikuwa anamwaza mwenyewe, niliona.

"Mzee anasema ushushe kidogo, usogee upande wa meno yako mwenyewe."

"Wewe tangu lini unajua tarumbeta?"

"Tangu mazishi ya bibi."

Bata mmoja akapiga mbizi, akatokea mbali. "Kidogo kiasi gani?" Severin akauliza.

Sikumjibu, kwa sababu sikujua, na kwa sababu mwanamume akishauliza kiasi gani, ameshaanza kurudi. Nikasimama tu nikapangusa nguo yangu. Akasimama naye.

Kule ndani Mzee Axel akamsogeza kwa kidole, chini, upande wa kushoto, chini tena, kama fundi anayepanga picha ukutani. Mara ya kwanza pumzi. Mara ya pili pumzi. Kisha ikatoka sauti moja, ya chini, nene, chafu kidogo, kama ng'ombe anayeamshwa mapema. Severin akaitoa baritoni mdomoni na kuitazama kana kwamba imemtukana. Akairudisha. Ng'ombe akaamka tena, safari hii akasimama.

"Jumuiya ya ng'ombe wa Husby," nikasema, maana nilihisi nitalia.

"Nyamaza, Mama Anitha," akasema kwa upole, "usinichekeshe, mdomo unatoka mahali pake."

Walikaa mpaka mchana. Midomo ikavimba. Mzee Axel akawa anampa yale maji ya baridi aisuuze, kisha waendelee, sauti za chini tu, moja baada ya nyingine. Wageni walikuja kuchota, wakasikiliza, wakaondoka wakinyata.

Jioni tulikula uji, wa shayiri, mzito, na jamu juu yake. Si mbaya. Kisha Severin akajipanga safu ya mwisho ya bendi akiwa na ile suti yake nyeusi ya msiba, mimi nikaingia kwenye mstari na bibi wa kofia ya waridi. Mwiko ukatangulia.

Alipiga. Si sauti zote. Zile za juu aliziruka, akawapata wenzake mbele ya safari. Na mazoea yakamshinda, akawa anaburuza wimbo kama tunavyouburuza kwetu, wenzake wakaanza kumfuata, mstari mzima ukapunguza mwendo, mpaka Mzee Axel akageuza shingo: "Severin, ni uji tu. Haumdai mtu machozi." Watu wakacheka, bendi ikakaza mwendo, na yeye akakaza nao.

Karibu na bwawa sauti yake ikafa. Nilisikia. Ikafa katikati ya mstari wa wimbo, pumzi tupu, kama kule chini kwenye chumba cha kufulia. Nikamwona ameshusha chombo, mabega yameshuka nacho, anatembea tu. Sikufikiri. Ile sauti ya katikati ninaijua, nimekaa nayo miaka yote hiyo kando ya mashine ya kufulia. Nikaimba mahali pake. Sina sauti kubwa, lakini nilikuwa nyuma yake mistari michache tu, na alisikia. Nikaimba hadi mwisho wa ubeti, na ubeti uliofuata yeye akauchukua mwenyewe kutoka mdomoni mwangu, akaenda nao mpaka barazani. Ule wa haraka wa mwisho hakuujaribu. Alisimama kando na baritoni kwapani, akijipangusa, amevimba mdomo, na bibi wa kofia akaninong'oneza, "Mume wako ana midomo ya bondia." Nikasema, "Ndiyo, na ameshinda." Nilirudi chumbani nimeinua kichwa kama mke wa askofu.

Nyumbani tulirudi Jumapili baada ya ibada. Galoni ya Godelieve ilikuwa nzito, Severin akaibeba mwenyewe, kwenye basi, kwenye treni, mpaka ndani ya metro ya bluu, ile treni ya chini ya ardhi, na watu wa Husby wakamtazama mtu mwenye suti na galoni ya maji kama vile bomba la mtaani limekauka. Godelieve akaonja palepale mlangoni. "Hii ni kutu," akasema. Nikamwambia ndiyo dawa yenyewe. Akanywa nyingine.

Severin alikuwa ameshapanda kwenye kiti chumbani, anasogeza masanduku ya safari. Kasha lilikuwa na vumbi. Akanitazama kutoka kule juu.

"Chumba cha kufulia kina nafasi lini?"

"Sasa hivi. Nimeshaweka zamu yetu kwa simu, tukiwa kwenye metro."

Nikachukua taulo mbili. Mwanzo wa wiki tulishuka tena, na tena baada ya hapo, na midomo ikawa inachelewa kuvimba. Ilikuwa Jumamosi Anitha alipotukuta. Nilikuwa nimemwambia tu kwamba tuko chini tunafua. Alikuja na mfuko wa nguo zake mwenyewe, akasikia kuanzia kwenye korido. Hakuingia mara moja. Nilimwona kupitia kioo kidogo cha mlango, ameegemea ukuta na mfuko kifuani, mpaka baba yake alipofika mwisho wa wimbo. Hapo akasukuma mlango, akakaa juu ya kapu, palepale pake pa utotoni.

Nikamuuliza, "Ulijua kama kule kuna bendi?"

"Kanske," akasema, yaani labda, akajifanya anatafuta soksi.

Severin alikuwa anafuta kikombe cha tarumbeta kwa kitambaa chake. Hakuinua macho. "Mwezi wa tisa nitapiga," akasema. "Sauti ya katikati tu, ya juu mumpe mtu mwingine. Na wewe na Liam mtembee polepole, pumzi yangu haijarudi yote."

Anitha akajibu kwa Kiswahili. "Polepole kama nini, baba?"

"Kama watu waliokula uji."

Akatutazama mmoja mmoja, haelewi. Nikafungua mashine, nikamsogezea taulo moja aikunje, nikaanza kumsimulia.